Kamba Mikononi mwa Nyanya

Juzi mjukuu wangu alininyooshea simu uani akasema, "Nyanya, usisogee." Nikasogea. Mtu akinielekea, miguu yangu inakwenda kumpokea yenyewe, sina la kuifanya. Mtoto akacheka mpaka akakaa chini. Mimi nilikuwa mbali kimawazo, namkumbuka niliyemrithi tabia hiyo.

Hebu kaa nikusimulie. Ilikuwa miaka ile ya mwanzo ya uhuru wa Kongo, na Kalemie yetu bado tuliiita Albertville. Baba alifanya kazi ya reli, tukikaa karibu na bandari, na asubuhi iliingia nyumbani na honi ya gari la moshi na harufu ya samaki wa mikebuka wakikaangwa kwa mawese. Nyanya, mama yake mama, alikuja kwa meli kutoka Moba kumpokea mdogo wangu aliyezaliwa. Tuliponda sombe, majani yale ya mihogo, pamoja, na nikianza porojo ananikata: "Ponda, mutoto! Sombe haipondwi na mudomo." Alikuwa mkali yule, nami nilimpenda kupita kiasi.

Ikafika wiki yake ya kurudi. Safari za ziwa siku hizo zilikuwa za kubahatisha. Meli ikiondoka, hujui italeta nani tena. Na mama hakuwa na foto ya mama yake hata moja. Akamwita jirani, fundi wa picha, ambaye sisi watoto tulimwita Papa Foto.

Kamera yake haikujua kitu yenyewe. Umbali aliukadiria kwa macho, akazungusha pete ya lensi mpaka kwenye namba yake, kisha akapanga mwanga na kasi. Alimkalisha nyanya barazani, kivulini, akarudi nyuma, akainama. "Jambo, Mama," akasema kwa heshima. Wee! Nyanya akainuka, akamwendea huku akipiga makofi ya salamu, kama wafanyavyo kwao. Kamera ikalia hapo hapo.

Foto ilivyorudi, ukuta wa nyuma ulionekana tofali kwa tofali, lakini nyanya alikuwa moshi uliovaa kitenge. Mama aliishika akalia mbele yetu sote.

"Hii njo sura ya mama yangu?"

"Mama alisogea," Papa Foto akajitetea.

"Muntu ananisalimia, nami nikae kama kinu?" nyanya akamjibu. "Mimi nililelewa!"

Filamu zilikuwa adimu. Ilibaki nafasi ya picha moja tu kwenye filamu yake ya mwisho, na meli ilikuwa kesho yake. Papa Foto akakuna kichwa, akaenda kwake, akarudi na kamba ya katani aliyoifunga fundo kila mita. Akamhamishia nyanya juani. Jua kali, alituambia, linakuruhusu kupiga kwa kasi na kulibana tundu la lensi, na tundu dogo linakusamehe ukikosea umbali kidogo. Safari hii akamaliza salamu zote kwanza: za Moba, za mihogo, za mtoto, za mgongo. Ndipo akamkabidhi nyanya ncha ya kamba.

Nyanya akaipokea kwa mikono miwili, kama alivyopokea kila kitu maishani mwake. Papa Foto akainyoosha hadi kwenye kamera, akahesabu mafundo, akazungusha pete, akaikanyaga ncha ya kwake isipeperuke. "Sasa iachie, Mama."

"Nitupe chini kitu nilichopewa? Utakichukua ukimaliza."

Papa Foto akaitazama ile mikono, akainama kwenye kamera. Mikono yenye kamba haipigi makofi, na mwenye kukabidhiwa kitu hasimami kuondoka. Nyanya akatulia tuli. Kamera ikalia.

Kesho yake meli ikamchukua. Hatukumwona tena.

Papa Foto naye alishatutoka, Mungu amrehemu, na kamera za kukisia umbali hakuna anayezitaka. Simu ya mjukuu inapanga kila kitu yenyewe, wala siilaumu. Ila foto ile ninayo ukutani, na kila nikipita nasema asante: kwa fundi aliyehangaika, kwa mama aliyelia bila aibu, kwa adabu ya nyanya iliyoharibu picha ya kwanza na kuiokoa ya pili. Mikunjo ya uso inahesabika. Nyuzi za kamba zinaonekana moja moja pale mikononi mwake, halafu kamba inakuja mbele, inakuja, inatoka nje ya picha kwa chini, upande huu niliko mimi.

Hajaiachia hadi leo.