Mbaazi za Mama Mkwe

Mwanangu, katika siku zote za usichana wangu, ninayoikumbuka zaidi ni ile niliyomaliza bakuli zima la mbaazi za nazi kwa heshima tu, kisha nikajikunja kitandani nalia, nimeuma pindo la leso nisisikike. Ilikuwa miaka ya hamsini, hapa hapa Kinondo, nami nilikuwa mwari niliyewekwa ndani nikingojea harusi.

Nyinyi wa leo mnajinyima kula mpate kuingia kwenye gauni. Sisi tulikuwa tunakaa ndani wiki kadhaa, tunasingwa mwili kwa liwa, ule unga wa msandali, hatushiki kazi, na tunalishwa. Mwari alitakiwa atoke amenawiri, mashavu yamejaa, watu wakimwona wajue kwao chakula kilikuwako. Jirani na jamaa walileta masinia, na sinia la mtu halikurudishwa likiwa na chakula. Kulirudisha hivyo kulikuwa ni kumtia mwenyewe aibu.

Sasa mimi tumbo langu lilikuwa na visa vyake tangu mwaka uliotangulia. Nikila, linajaa gesi mpaka nguo inabana, linasokota, kisha nakimbilia chooni. Siku nyingine sipati choo kabisa. Dispensari walinipima, wakanipa dawa ya minyoo, wakasema hawaoni ugonjwa. Nilikonda mpaka mifupa ya mabega ikachomoza. Mama alidhani ni mawazo ya kuolewa.

Ukweli wote sikumwambia mtu, kwa sababu moja tu: nilimtaka Hamisi. Alikuwa kijana wa Msambweni, mkwezi wa minazi, mcheshi, na niliogopa watu wake wakisikia wanapelekewa mgonjwa watatafuta kwingine. Tena maneno yalikuwa yamekwisha kuanza. Shangazi yake alikuja kunitazama, akasema mbele ya wanawake, "Huyu mwari wenu mbona ufito?" Wakacheka. Nami nikacheka nao, nikamchukia kimoyomoyo.

Basi nikaamua kula nisichague. Mahamri, kunde, maziwa, pilau iliyojaa samli, vyote nilikula na kushukuru. Kadiri nilivyokula ndivyo nilivyozidi kukonda, maana hakuna kilichokaa tumboni.

Aliyekuwa akinitunza na kunifunda ni somo yangu, yaani kungwi wangu, Bi Mejumaa, mwanamke mfupi mwenye ulimi mkali. Siku hiyo ya mbaazi, sinia lilitoka kwa mama yake Hamisi mwenyewe. Mwanamke aliyelileta akakaa mkekani kunitazama nikila, apate la kusimulia akirudi. Nikalifuta bakuli. Alipoondoka tu, Bi Mejumaa akaingia akanikuta nimejikunja.

"Tangu lini?" akauliza.

"Leo tu, somo."

"Usinidanganye mimi. Mbaazi zikija, unalia. Maziwa yakija, unakwenda chooni mara nne. Ukila wali na samaki wa kuchemsha, unalala usingizi wa mtoto. Wiki mbili nakutazama, nangoja useme."

Nikamwambia yote, pamoja na hofu yangu ya kumkosa Hamisi. Sikupewa pole.

"Mwili wako una njaa, wewe umekaa unawashibisha wenye masinia!" akasema.

Maneno hayo yaliniuma sana, mwanangu, na yaliniuma kwa kuwa yalikuwa kweli.

Kesho yake likaja sinia jingine kutoka Msambweni. Bi Mejumaa akalifunika vile vile lilivyokuja, akalirudisha na ujumbe: mwari hali mbaazi wala maziwa, tumbo lake haliviwezi. Nilimshika miguu nikimwomba asifanye hivyo. Hakunisikiliza. Nikajua harusi imevunjika, na siku mbili nzima sikugusa hata uji.

Siku ya tatu, baada ya adhuhuri, nikasikia hodi. Alikuwa mama yake Hamisi, Bi Mwanakombo, na chini ya buibui amebeba chungu kidogo.

"Shikamoo, mama," nikasema, macho chini.

"Marahaba, mwanangu." Akaketi, akafunua chungu. Ndani mlikuwa na wali laini na samaki changu wa kuchemsha kwa chumvi na ndimu, basi. "Mimi mbaazi sijazitia mdomoni tangu nilipomzaa Hamisi. Zinanivimbisha."

Bi Mejumaa akamkazia macho. "Na mbona ukamletea mwenzio?"

Bi Mwanakombo akaona haya. "Ee, sinia la mwari lisilokuwa na mbaazi, watu wangesemaje?"

Tukacheka, mwanangu, tukacheka mpaka mama akaja mbio kutoka jikoni. Kisha nikala. Nilikula kidogo, na kikakaa.

Harusi ilisogezwa mbele mwezi mmoja, na aliyeomba ni yeye mama mkwe. Nikawa nala kidogo kidogo, mara tano au sita kwa siku: uji wa mchele asubuhi, ndizi mbivu, yai, muhogo wa kuchemsha, samaki, na tui jepesi lililoongezwa uzito polepole kadiri tumbo lilivyokubali. Nilitafuna taratibu, bila mtu wa kunitazama mdomoni. Asubuhi ya harusi, gauni ambalo mama alikuwa amelipunguza mara mbili likagoma kufunga. Ikabidi afumue mshono wa ubavuni. Alifumua huku machozi yakimtoka, na sijaona tena mtu akifurahia kuharibu kazi ya mikono yake namna ile.

Sikudanganyi kwamba nilipona kabisa. Tumbo hili ninalo mpaka leo, na likikasirika narudi kwenye uji wangu bila kunung'unika. Lakini nimezaa, nimelima, nimezeeka nalo.

Basi wewe uliyekonda na unayeogopa kila sahani, lijue tumbo lako, utazame kipi linakipenda na kipi linakikataa, maana langu si lako. Usilipakie kwa pupa ati unenepe upesi, wala usiliache na njaa kwa woga. Ukiona damu chooni, au homa, au unazidi kukonda hata ukila vizuri, nenda hospitali, usiniletee mimi. Na ukikaribishwa chakula usichokiweza, sema. Huenda anayekupakulia naye hakiwezi.

Mola akitilie baraka kila kijiko chako, akurudishie mwili wako polepole, na akujaalie siku ya kufumua mshono. Ukija kwangu, nieleze unachokula kabla sijateleka. Chungu kile kidogo ninacho bado.