Kwangu Inafunguka

Mumina Dima hufungasha programu za kompyuta jinsi nyanya yake alivyopakia nyumba juu ya ngamia, na hapa Isiolo sijui mtu mwingine anayeiweza kazi hiyo bila kujisifu. Najua kwa sababu mimi ndiye dereva wake. Nina Probox, yeye ana mabegi mawili ya kompyuta na flashi kumi hivi alizozifunga kwenye kitambaa, na akiitwa Kinna, Garbatulla au Burat tunakwenda pamoja. Njiani hunifundisha mambo ambayo sikumwuliza.

Programu iliyoandikwa kwa Python, aliniambia, haisimami peke yake. Ni maandishi tu, na lazima ndani ya kompyuta kuwe na mfasiri wa kuyasoma na kuyatekeleza. Aliyeandika programu anaye huyo mfasiri kwake, kwa hiyo haoni shida yoyote. Karani wa kituo cha Rapsu hana. Basi anayefungasha hukusanya kila kitu, maandishi, mfasiri, picha, hadi vile vipande vidogo ambavyo hakuna anayevikumbuka, akafunga mzigo mmoja ambao karani ataubonyeza mara mbili ufunguke. Tena mzigo ufungwe kwenye kompyuta ya aina ileile itakayoupokea, la sivyo unakataliwa mlangoni. Wanawake wa kwao walipohama walibomoa nyumba, wakapanga vijiti, mikeka na vibuyu. Ukisahau kamba, umefika na rundo la vijiti.

Abshir amezaliwa mjini, na kamba pekee alizowahi kufunga ni za viatu vyake. Niseme wazi kwamba simpendi. Chama kimoja cha wafugaji, ambacho sitakitaja kwa sababu wenyewe wanajijua, kilimpa kazi ya kuandika programu ya kutunza alama za mifugo: chapa ya moto, mkato wa sikio, jina la mwenyewe. Mnyama akiokotwa, karani anaitafuta chapa, mwenyewe anapigiwa simu. Wazo zuri, na si lake. Siku ya uzinduzi madaftari ya vituo vyote yalitiwa kwenye katoni, Abshir akayachukua aende kuyaingiza kwenye programu, akapigwa picha ameikumbatia ile katoni mithili ya mtu aliyejaliwa mapacha.

Programu aliisambaza kwa flashi. Haikufunguka popote isipokuwa kwake. Kumbe ndani yake aliandika kwamba kila kitu kitafutwe kwenye folda yenye jina lake mwenyewe, kana kwamba kaunti nzima inaishi ndani ya kompyuta yake. Mumina alipompigia simu, alimjibu kwa sauti ya mtu anayemwelekeza mbuzi.

"Dada Mumina, kwangu inafunguka. Hizo komputa zenu ndio mbaya."

Makarani ni watu wa adabu. Badala ya kumrudishia uchafu wake, walitengeneza folda zenye jina la Abshir. Kila kituo kikawa na Abshir wake, Garbatulla Abshir, Kinna Abshir, programu ikafunguka, na ripoti zikaandikwa kwamba mfumo unafanya kazi. Mumina aliponionyesha nilicheka mpaka nikasimamisha gari. Yeye hakucheka, alisonya.

Sasa Isnino Mahamud. Huyu ni mjane wa Garbatulla mwenye ngamia watano, na hao ndio mali yake yote. Maziwa yao ndiyo yanayowalisha wajukuu wanne. Ukame ulipozidi, wachungaji waliwaleta upande huu kutafuta malisho, ngamia wakapotea, wakaingia mashamba ya watu Burat, wakafungiwa kwenye zizi la chama. Kanuni mpya ni kwamba zikipita siku kumi na nne bila programu kumthibitisha mwenyewe, wanyama wanapigwa mnada. Tulipofika sisi ilikuwa Alhamisi, siku ya kumi na nne. Mnada ulikuwa kesho yake asubuhi, na kompyuta ya zizi ilikuwa imekataa kabisa kuifungua programu, folda au hakuna folda.

Isnino alikuwa ameketi nje kwenye debe lililopinduliwa. Alikuwa hapo tangu Jumatatu. Tulisalimiana salaam aleikum, akaitikia, akarudi kuwatazama ngamia wake kupitia miiba ya zizi. Karani, kijana wa Kimeru anayeitwa Mwenda, alimletea Mumina kiti na kumweleza kwa heshima nyingi kwamba yeye hana ubaya na mama, ila mkono wake umefungwa na mfumo.

Mumina aliitazama kompyuta akajua ugonjwa. Ilikuwa ya zamani, ya biti thelathini na mbili, na mzigo wa Abshir ulifungwa kwenye mashine mpya ya biti sitini na nne. Hata ungeusukuma kwa bega usingeingia. Akampigia Abshir ili ampe maandishi ya programu aufunge upya. Abshir alikuwa Nairobi, amekwenda kupokea tuzo ya ubunifu, akasema hayo maandishi ni siri ya kampuni. Kampuni ni yeye na shemeji yake. Mumina akakata simu, akaifungua flashi ya Abshir, na siri ya kampuni ikawa imelala mlemle, kwa sababu bwana mkubwa alinakili folda yake yote bila kuangalia, pamoja na picha mia nne za harusi yake.

Akatoa begini kompyuta kuukuu anayoitunza kwa kazi hiyo tu, ya umri mmoja na ile ya zizi. Akatia Python ya toleo la zamani, akalifuta jina la Abshir kila mahali lilipokuwa, akafungasha. Ilimchukua kutoka saa nne hadi adhuhuri, na mara mbili mzigo ulikataa kwa sababu ya kipande kilichosahauliwa. Mara ya tatu akaupeleka kwenye kompyuta ya zizi, akabonyeza, programu ikafunguka bila kelele. Mwenda alipiga makofi.

Kisha akaitafuta chapa ya Isnino, na programu ikajibu kwamba hakuna rekodi.

Akajaribu chapa nyingine, na nyingine. Hakuna. Orodha yote ya madaftari ilikuwa bado kwa Abshir, hakuwahi kuituma kokote. Vituo vyote vilikuwa vinafungua programu tupu, na kwa miezi mitatu hakuna karani hata mmoja aliyejaribu kutafuta mnyama. Nilitukana, na sioni aibu. Mumina akampigia tena Abshir. Akasema laptop iko mezani wageni wanaiangalia, atatuma Jumatatu, kisha akazima simu.

Hapo mambo yakawa mabaya kuliko asubuhi. Asubuhi programu ilikuwa bubu. Sasa ilikuwa imesema, na kwa Mwenda imesema kwamba ngamia hawana mwenyewe.

Isnino alielezwa. Hakulia. Alikwenda kwenye miiba, akamwita ngamia mkubwa kwa jina, Barwaqo, mara moja tu, sauti ya kawaida. Yule ngamia aliinua kichwa kati ya wanyama thelathini, akaja moja kwa moja hadi alipo, na wale wanne wakamfuata. Isnino akaishika shingo yake akamgeukia karani.

"Mama, hata mimi nimeona," Mwenda alisema. "Lakini sina mahali pa kuandika eti ngamia ameitwa akakuja."

Mumina akamgeukia Mwenda. Ninaujua uso ule, huuweka kwa Abshir peke yake. Akakaa kwenye kompyuta, akabonyeza kitufe cha kuongeza mfugaji, akamwuliza Isnino jina lake kamili, eneo lake, chapa na mkato wa sikio, akaandika yote, taratibu, Mwenda akiwa amesimama nyuma ya kiti anaangalia kila herufi. Akahifadhi. Kisha akaitafuta ileile chapa, na programu ikaleta jina: Isnino Mahamud, Garbatulla, ngamia watano.

Mwenda aliinama akalisoma kwa sauti. Uso ukamtulia kabisa.

"Sasa ndio huyu," akasema. "Iko kwa system." Akachukua muhuri, akapiga, akatia sahihi, akaenda kufungua zizi.

Hakuwa anatania, wala hakuwa anatufanyia hisani. Aliamini. Nilimwangalia Mumina nikitarajia atasema lolote la kuchoma, kwa sababu mdomo wake ni mkali, lakini alikuwa anakunja waya.

Ngamia walitoka. Isnino aliwahesabu, akaja kushukuru, akasimama kidogo dirishani akiiangalia kompyuta, kisha wanyama waliobaki zizini.

"Mumina," akasema, "na yule ambaye hana mtu wa kumuandikia?"

Mumina aliendelea kukunja waya. Zizini walikuwa wamebaki wanyama ishirini na watano, na mnada ulikuwa kesho. Nikaenda kuwasha gari.