Malkia Aliyebaki Mchangani

Osewe alikuwa mtu asiyetulia. Tangu mwizi aingie chumbani mwake Kianda na kubeba sanduku la bati, alinunua kufuli kubwa la shaba, na kila akitoka alirudi kulivuta, akaenda kidogo, akarudi tena. Majirani walimcheka. Ndani mlibaki nini cha kuibwa, jiko na sufuria? Hawakujua kwamba sandukuni ndimo ilimokuwa picha pekee ya marehemu mkewe, Adhis. Binti yao, Hope, alikuwa mchanga mama yake alipofariki, na sasa alilelewa na nyanya yake Kawangware. Kila Osewe alipokwenda kumwona, mtoto aliuliza, "Mama alikuwa anakaa aje?" Baba mtu alibabaika tu, maana sura yenyewe ilikuwa inamtoroka. Hilo lilimkosesha raha kuliko njaa.

Kazi yake ilikuwa kuyeyusha koki za maji na vitasa vikuukuu na kumimina shaba kwenye mchanga uliochapwa umbo kwa kielelezo cha mbao. Mwaka wa tisini na saba akamjia Gerishon, kijana wa Nyayo Highrise, mgonjwa wa hadithi za majoka na falme zisizo kwenye ramani yoyote. Alitaka sarafu za ufalme wa namna hiyo: upande mmoja joka, upande wa pili malkia anayetawala chini ya ziwa. Wapo watu, alisema, wanaozikusanya na kuzitunza kabatini. Osewe alidhani anataniwa. Pesa ambayo hata mama muuza sukuma wiki hawezi kuipokea! Sharti lilikuwa moja: zitengenezwe chache, kisha Gerishon aondoke nazo zote pamoja na kielelezo cha mbao, isije ikatokea nyingine.

"Na huyo malkia anakaa aje?" Osewe aliuliza.

"Wewe chonga tu, fundi. Hakuna mtu amewahi kumwona."

Akachonga. Mikono ilikwenda yenyewe.

Siku ya kuzichukua, Nereah, mama mkwe wake, yule anayemlea Hope, alipita karakana akitoka kanisani. Alisimama nje, kwani kwa mila ya kwao mama mkwe na mkwe hawabanani chumba kimoja. Sarafu zilikuwa zimepangwa mezani barazani. Akaokota moja.

"Yawa! Baba Hope, huyu si Adhis?"

Osewe akaichukua, akaisogeza kwenye mwanga. Paji lile pana, jicho moja dogo kuliko jenzake. Wiki nzima alikuwa amemshika mkewe mkononi asimjue.

"Niachie moja tu, boss," Osewe alimsihi Gerishon, aliyekuwa ameshafika kuchukua mzigo wake. "Pesa yako nitarudisha."

"Zii, fundi, haiwezekani. Tulielewana. Ikibaki hata moja, hizi zangu hazina maana."

Hakuwa na ubaya, kijana wa watu, lakini Osewe angeweza kumnyonga. Tatizo ni kwamba neno lake alikuwa amelitoa. Gerishon akakusanya sarafu na kielelezo, akaenda zake.

Osewe akazunguka karakana kama kuku anayetafuta pa kutagia. Ndipo akakumbuka: asubuhi alikuwa amegandamiza kielelezo kwenye kisanduku cha mchanga, upande wa malkia, na hesabu ya sarafu ikatimia kabla hajamimina humo. Akafunua gunia lililokifunika. Sura ilikuwepo, lakini mchanga ulianza kukauka na kingo zilimomonyoka. Shaba nayo haikubaki hata kipande.

Alikimbia nyumbani, akarudi na kufuli mkononi.

"Na nyumba je?" Nereah akamaka.

"Waingie, Mama. Waingie tu!"

Akaliyeyusha kufuli, akamimina. Kilichotoka mchangani kilikuwa na malkia upande mmoja. Upande wa pili palikuwa patupu, bila joka. Osewe akajiambia kwamba sarafu ya upande mmoja si sarafu, kwa hiyo neno lake hakulivunja. Jioni ileile akakipeleka Kawangware.

Hope alikipokea kwa mikono miwili, akakigeuza huku na huku.

"Baba, hii inanunua nini?"

"Hainunui kitu. Ndiye mama yako."

Mtoto alikitazama sana. Kisha akaenda kwenye kipande cha kioo kilichoning'inia ukutani, akakiweka shavuni, akajitazama.

"Kumbe na yeye jicho lake moja ni dogo," alisema.

Osewe akavuta kigoda, akaketi. Giza lilikuwa linaingia, na kule Kianda mlango ulikuwa wazi. Hakuinuka.