Chupa ya bluu haipendi baridi ya Kolwezi

Mama Henriette, anayeishi ng'ambo ya reli, anaapa kwamba chupa ya gesi iliruka kama mbuzi aliyekata kamba, ikapita juu ya mabehewa mawili, na kama isingegonga nguzo ingefika bwawa la Nzilo.

"Mi niliona na macho yangu!" anasema, mikono kiunoni.

Ngalula anacheka bila furaha. "Aliona wapi? Alikuwa analala! Chupa haikuruka. Mi njo niliikamata."

Anaonyesha kiganja kilichofungwa kitambaa. Juzi Tata Tharcisse, dereva wa zamani wa kreni, alichoka kungoja uji. Akajificha nyuma ya karavani ya Ngalula na mbabula, lile jiko la makaa, akaiweka chupa juu yake ili "iamuke". Ngalula aliivuta kwa mikono mitupu.

Ni saa kumi na mbili asubuhi, Julai 1993, na baridi inauma masikio. Ngalula, mwenye miaka arobaini na mmoja, amepiga magoti mbele ya karavani yake, kinyumba cha magurudumu kilichoachwa na kampuni ya uchimbaji aliyoipikia kambini miaka tisa. Wazungu walikimbia wakati wa uporaji wa 1991, naye akabaki nacho.

Sasa kinasimama kando ya stesheni, kati ya familia kama sitini za asili ya Kasai. Zimefukuzwa majumbani na vijana wenyeji, zinangoja gari-moshi la kwenda Kasai kwa wiki ya tano. Ngalula ni mmoja wao. Makaa yamekatazwa hapa tangu behewa moja lishike moto, kwa hiyo uji wa watoto wachanga kumi na tisa unatoka kwenye jiko lake la gesi tu.

Leo moto umelala. Sufuria imekaa saa nzima na bado haijachemka.

"Gesi iko," anasema, akiitikisa chupa ya bluu ili kila mtu asikie maji yakicheza ndani. "Lakini hii ni butane. Baridi ikipiga, inabakia maji, haipande. Kambini tulitumia bluu wakati wa mvua. Juni mpaka Agosti, nyekundu, ya propane. Ile haiogope baridi."

Kila asubuhi anayasema hayo, na kila asubuhi mtu analeta dawa yake. Mama Kabedi ameshaifunika blanketi.

"Toa hiyo, mama! Chupa si mutoto wa homa. Haina damu ya kujipasha. Ukiifunika, unaifungia baridi yake ndani."

Tata Tshiamala anataka ilazwe chini, itoe yote.

"Ukiilaza, maji yataingia mu mupira, moto utakurukia mu uso! Unataka kuenda Kasai bila ndebu?"

"Basi wewe njo fundi," Mama Kabedi anamjibu, mjukuu akilia mgongoni. "Juu ya nini uji haiive?"

Ngalula analivuta blanketi na kulitupa kando. Anaisimamisha chupa ndani ya beseni la maji ya vuguvugu, yasiyozidi joto la mkono, kisha anapaka povu la sabuni kwenye maungio ya mpira kuona kama gesi inavuja. Haivuji. Moto unainuka robo saa, unalala tena. Watoto wanapewa uji mbichi nusu. Wanne wameshaanza kuharisha.

Saa mbili anabeba chupa hadi depo ya gesi, kwa Tata Kitenge, aliyembadilishia chupa miaka yote ya kambini. Nyuma ya uzio wa waya, chupa nyekundu ziko kumi na moja. Ngalula anazihesabu kwa sauti. Lakini tangu watu wafukuzwe, vijana hao wamemkataza Kitenge kuwahudumia Wakasai.

"Ngalula, unajua vile bantu banaangalia," Kitenge ananong'ona.

"Banaangalia chupa ao banaangalia mi?"

"Mukapikie kwenu!" mtu anapaza sauti kutoka kwenye foleni.

"Kwetu wapi? Mi nilizaliwa nyuma ya hii depo! Mama yako alinibeba!"

Kicheko kinapita, kinakatika. Ngalula anaweka chupa ya bluu mezani.

"Nyekundu moja, Tata Kitenge. Na detanda yake, ile ya kupunguza nguvu ya gesi, sababu ile ya bluu haiingie ku nyekundu. Itatosha mpaka train ikuye. Si ya mi, ni ya batoto. Utanipatia?"

Tata Kitenge anainua macho, anamtazama kijana aliyesimama nyuma ya Ngalula, mmoja wa wale waliomkataza.