Hooyo Amenidunga Sindano

Leo mama yangu amenidunga sindano, na mimi ndiye profesa.

Ngojeni niwaeleze.

Wiki tatu sasa Hooyo anashikwa na kizunguzungu. Hospitali hataki, eti watamtoa chupa nzima ya damu. Basi nikaja Garissa na kifaa tunachokitengeneza maabara. Tone moja tu linapita kwenye kijia chembamba kama unywele, kisha mawimbi ya sauti usiyoisikia yanazikusanya seli za damu, tunaona kama zinatosha.

Hooyo akanyoosha kidole.

Nikainua sindano, nikaishusha, nikaiinua tena! Maabara sisiti, wallahi. Lakini hiki ni kidole cha mama.

"Lete hapa," akasema. "Nimedunga mbuzi kabla hujazaliwa."

Akajidunga mwenyewe, hata kope haikucheza.

Damu yake ilikuwa imepungua kidogo. Nikaanza kumhubiria mambo ya hospitali.

"Na yako?" akauliza. Kabla sijajibu, alishachukua sindano mpya na kunidunga.

Jamani, yangu imepungua kuliko yake.

Akanishika shavu. "Mwanangu, huko chuoni unakula nini?"

Nilitaka kucheka, machozi yakanitangulia.

Tumekubaliana kwenda hospitali kesho asubuhi, sote wawili. Atatoa hiyo chupa yake, mradi nikae kando yake nami nitoe yangu.

Kuna mwingine aliyegeuziwa kibao na mama yake, au ni mimi tu?

Naandika kwa mkono mmoja. Mwingine umeshika ini la mbuzi, na Hooyo amesimama hapa mpaka nimalize sahani.