Amperi Sita za Mama Mkwe

Ngazi niliiondoa mwenyewe, mtoto akiwa mgongoni, na wala siombi radhi. Yule mkaguzi wa umeme alikuwa juu ya bati la kibaraza chetu, Ngamiani, saa sita ya mchana, amevua viatu asiteleze. Alikuwa amekwisha kuukata waya unaotoka kwenye nguzo ya mtaani kuingia nyumbani. Mimi chini nampungia karatasi yenye muhuri wa ofisi yake mwenyewe, namwambia, "Shuka usome, ndugu yangu, kibali hiki hapa." Hakushuka. Akamtazama mama mkwe wangu, aliyekuwa mlangoni amekaa kwenye kigari chake cha betri, akamwambia bila shikamoo, bila hata hujambo:

"Bibi, umeme wa taa haukuletwa kulisha mikokoteni. Shuka hapo, wanao wakubebe."

Wakubebe! Angesema neno lingine lolote ningelimeza, maana tangu afike nilikuwa nikimeza. Hilo halikupita. Nikaishika ngazi, nikavuka nayo njia, nikaiegemeza kwenye ukuta wa jirani, nikarudi kukaa barazani.

"We mama! Ngazi yangu!"

"Ngazi haikuletwa kupandia watu wasiotaka kusoma," nikamwambia. "Kaa huko huko. Wanao wakubebe."

Nieleze sasa neno hilo lilinichoma kwa nini.

Mama mkwe ni mkunga. Ngamiani na Mabawa, wengi wa rika la mume wangu na walio chini yao, mikono ya kwanza kuwashika duniani ni ya mama huyu. Mtoto wangu wa kwanza alitoka wa buluu, kimya. Mama akamfyonza pua kwa mdomo wake, akatema, akamfyonza tena, akamsugua mgongo kwa kanga yake mwenyewe huku akimkaripia: "Lia wewe, lia, usinitie aibu kwa mkwe wangu!" Mtoto akalia. Na yeye akalia. Mimi peke yangu sikulia, nguvu sikuwa nazo. Tangu siku ile, mtu akimgusa mama huyo amenigusa mimi jichoni.

Kisha akateleza uani, penye mawe ya kuogea, nyonga ikavunjika, na mfupa ukaungana utakavyo wenyewe. Miguu ikakataa kumchukua. Mwanzoni, mwanamke akishikwa na uchungu, vijana wanne walikuja kumchukua mama na kiti chake, wakakiinua mabegani, wakaenda naye. Mara ya tatu walikuwa njiani kwenda Mabawa, naye amejifunika ushungi kwa sababu ya jua. Mpita njia mmoja akawaona kwa mbali. Akaja mbio, akavua viatu, akaingiza bega chini ya kiti apate thawabu zake, huku akisoma maneno ya kumsindikizia maiti. Alidhani ni jeneza.

Mama alizalisha siku hiyo, mtoto wa kike, salama. Aliporudi akasema, "Sibebwi tena. Siku nyingine nikibebwa, niwe sina habari."

Akakaa barazani miaka miwili. Wanawake walikuja kumweleza uchungu wa binti zao naye akawaelekeza kwa maneno, shika hapa, kanda pale. Wakiondoka aliitazama mikono yake kama vyombo vilivyooshwa vikawekwa juu ya kabati.

Mume wangu alikuwa fundi mitambo katika shamba moja la mkonge, mbele ya Muheza, anakuja nyumbani mwisho wa juma na kikapu cha machungwa. Jumamosi moja alikuja na lori zima. Katikati ya machungwa kulikuwa na kigari cha magurudumu matatu, kiti cha ngozi, fimbo ya kuongozea, na betri mbili chini ya kiti. Kilikuwa cha baba mzee wa msimamizi wa shamba, Mzungu. Mzee amekufa, msimamizi anarudi kwao, akampa mume wangu kwa kuwa ndiye aliyekuwa akikitengeneza.

Mama akakizunguka kwa macho. "Kinakwenda chenyewe?"

"Chenyewe, mama," mume wangu akasema. "Unasukuma fimbo hii tu."

"Na hakuna wa kunibeba?"

"Hakuna."

Akatafuta mahali pa kutemea tambuu yake, na mimi nikajua ameridhika.

Shida ilikuwa kukilisha. Chaja iliyokuja nacho ilikuwa sanduku la chuma, zito kama kinu. Kwa Mzungu ilikuwa na waya wake mnene. Sisi tulikuwa na taa tano na fyuzi moja ya amperi tano kwa nyumba nzima. Mume wangu, na ufundi wake wote, akaichomeka kwenye holda ya taa ya ukumbini. Tukasikia tap! Mpangaji wetu wa chumba cha nyuma, aliyekuwa akisikiliza redio yake, akatoka na kikoi kuuliza kama kuna msiba.

"Nenda zako kwenye mkonge," nikamwambia mume wangu. "Hili niachie."

Nilisoma mpaka darasa la kumi, shule ya bweni. Mwalimu wetu alitufundisha wati, volti na amperi ili tuelewe pasi ya umeme, tuje kuwapigia waume zetu mashati. Mashati sikuyapiga mengi, lakini hesabu nilibaki nayo. Nikaenda dukani mjini. Muuzaji, penseli sikioni, akapanga chaja tatu juu ya meza: kubwa, ya kati, ndogo.

"Mama, chukua ya kati. Hii ndogo itachelewa mno. Asubuhi mpaka magharibi bado inachaji tu."

"Na fyuzi ya amperi tano itaiweza hiyo ya kati?"

"Itaiweza, kama hamuwashi taa. Wala redio. Wala..."

"Wala hatupumui."

Akacheka. Nikamwomba karatasi ya kufungia sukari nikapiga hesabu. Ile ndogo ilipeleka amperi sita kwenye betri, lakini, kwa kuwa volti za betri ni chache, ukutani haikunywa hata amperi moja na nusu. Taa zote zikiwaka, redio ya mpangaji ikiimba, bado fyuzi ingepumua. Na mama hakuhitaji haraka. Kigari kikishiba kilikwenda Mabawa na kurudi mara tatu, basi siku moja ya kukilisha ilitosha siku kadhaa. Nikachukua ndogo.

"Kutwa nzima?" mama akaniuliza nilipofika.

"Kutwa nzima, mama. Polepole."

"Vizuri. Mtoto mchanga hapewi bokoboko."

Fundi niliyemwita naye alitaka kuchomeka kwenye holda ya taa. "Dada, Ngamiani yote watu wanapigia pasi kwenye holda."

"Ndiyo maana huishi kuitwa."

Nikamsimamia. Waya mpya, peke yake, kutoka kwenye sanduku la fyuzi. Fyuzi yake ndogo, swichi yake, juu wasikofika watoto. Soketi ya matundu matatu, na lile tundu la tatu waya wake ukapita mpaka uani, ukafungwa kwenye nondo tuliyoipigilia ardhini kando ya pale tunapotawadhia, ardhi isiyokauka, ili umeme ukitoroka ushuke chini usimpitie mama. Ukuta wa udongo ulimtesa. Kila skrubu ilichomoka na kijiko cha mchanga.

"Ukuta huu haushiki skrubu, unashika maneno tu," alisema. Mwishowe akachimba shimo, akakita kipande cha mvule kwa saruji, na soketi ikafungwa kwenye mvule. Kigari tukakiweka ukumbini, mlango wa mbele wazi ili hewa ipite.

Nikaenda ofisi ya umeme, nikajaza fomu, karani akapiga muhuri. Hicho ndicho kibali.

Siku ya kwanza ya kuwasha nilikuwa jikoni. Nikasikia harufu ya ubani. Nikatoka mbio. Mama amejivuta mpaka kwenye kigari, chetezo mkononi, makaa mekundu, anakifukiza chini ya kiti, juu ya betri zenyewe.

"Mama, toa moto!"

"Kitu kipya kiingie nyumbani bila kufukizwa? Kimekuja kama mwizi?"

Nilimnyang'anya chetezo. Kumnyang'anya mkwe! Nikamweleza: betri ikichajiwa inatoa hewa, hewa ile ikikutana na moto inalipuka, na maji makali yaliyomo yanakula macho. Nilikuwa napiga kelele, naujua ubaya wangu. Mama akaziinamia betri.

"Inapumua?" akauliza.

"Inapumua, mama. Hasa ikikaribia kushiba. Utasikia povu."

"Basi ungesema tangu mwanzo. Mwenye kunyonya hafukizwi usoni."

Tukakisukuma nje, swichi imezimwa, hewa yote imetoka, nikamrudishia chetezo. Akafukiza magurudumu matatu, kiti na fimbo, betri akaziruka. Kisha tukakirudisha, nikawasha. Kutwa nzima alikaa kando yake, sikio ameliinamisha kama anavyomsikiliza mtoto tumboni. Magharibi ilipokaribia akaniita: "Njoo, mwanangu. Amecheua. Mwachishe."

Nikapima kwa kile kipimo cha kioo cha kunyonyea maji ya betri. Zimejaa. Hakuwahi kukosea hata siku moja. Kipimo nikawa nakitoa ili kuhakikisha tu kwamba mama yuko sawa.

Akaanza kutoka tena. Mfuko wake mapajani, mimi au mtoto wangu mkubwa pembeni, watu wakimpisha njia. "Haya mkunga, honi iko wapi?" wakimtania. "Honi mnayo majumbani, mtaisikia ikilia," akiwajibu. Alinipokelea huyu mtoto wa mgongoni pia, akiwa juu ya kigari, ameegeshwa kando ya mkeka wangu. Mikono ikawa na kazi.

Ndipo akaja huyu na ngazi yake. Alikuwa akipita, akaona waya mpya kupitia mlango ulio wazi, akahukumu kwamba tunaiba. Nyumba za huku ni za taa tu, akasema. Kigari kilikuwa kimenyonya saa chache. Na Mabawa kulikuwa na binti, mimba yake ya kwanza, miezi imetimia, ambaye mama alimwahidi kwamba atakuwapo.

Narudi juu ya bati. Jua la saa sita lilikuwa limelichoma, na mkaguzi alikuwa akiinua unyayo huu, akishusha ule. Watoto wa mtaa wakaanza kumpigia makofi ya ngoma. Mama alimtazama muda, kisha akakunja uso kama anayekumbuka.

"Wewe si wa nyumba ile ya nyuma ya kisima, Mabawa? Mamako ana kovu shavuni?"

"Ndiye," akajibu, mguu mmoja hewani.

"Lo! Huyu nilimpokea mimi," mama akaniambia. "Alitanguliza matako. Usiku kucha alitutesa, mimi na mamake. Mpaka leo bado anatanguliza nyuma." Mtaa mzima ukaangua kicheko. Mama hakucheka. "Mrudishie ngazi, mwanangu. Akiungua nyayo, mamake ataniuliza."

Nikamrudishia. Akashuka, akavaa viatu, akasimama mbele ya kigari akiangalia chini.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Msalimie mamako."

Nikadhani atapanda kuunga waya. Akasema ameshakata, na amri ya kuunga ni ya bwana mkubwa ofisini. Akaenda. Shikamoo haiwashi taa.

Nikachukua kalamu, nikamwandikia huyo bwana mkubwa barua. Mama anasoma hati za Kiarabu, hizi zetu hazisomi, basi akataka nimsomee. Nilikuwa nimeandika "mpumbavu" mara tatu. "Futa," akasema. "Zote. Nilimfunga kitovu kwa mkono wangu." Nikafuta, roho ikiniuma. Kisha akauliza, "Kimeshiba kiasi gani?"

Nikapima. "Kitatufikisha mjini, mama. Kurudi sina hakika."

"Basi twende. Kikizimika, kizimikie mlangoni kwao."

Tukaenda, yeye juu, mimi kando, mtoto mgongoni. Kilipofika kwenye kizingiti cha ofisi ya umeme alikipandisha katikati ya mlango, akaiachia fimbo. Akajifunika ushungi vizuri, akanipa ishara niingie. Barua niliyoikabidhi ni hii. Maneno ya mwisho niliyaongeza kwa penseli, nimesimama pale pale mbele ya karani.

*

Kwa Bwana Meneja, Ofisi ya Umeme, Tanga.

Bwana,

Naleta malalamiko rasmi. Leo mkaguzi wako amekata umeme wa nyumba yetu ya Ngamiani. Sababu aliyotoa ni kwamba tunatumia waya bila ruhusa. Ruhusa tunayo, muhuri ni wenu, naiambatisha uisome, kwa kuwa yeye alikataa kuisoma.

Chaja iliyofungwa ni ndogo kuliko zote zilizokuwa dukani. Haichukui hata amperi moja na nusu. Ina fyuzi yake, swichi yake, na waya wake wa ardhini. Mtume fundi yeyote aikague. Nitamwandalia chai na ngazi.

Chaja hiyo inalisha kigari cha mama mkwe wangu, ambaye ni mkunga na hawezi kutembea. Mabawa kuna mzazi anayemngoja, na mkunga akichelewa sitajua nimwandikie nani malalamiko hayo.

Naomba mambo mawili. Umeme uungwe leo. Na watumishi wako wafundishwe kusoma karatasi kabla ya kukata, na kumwamkia mtu mzima kabla ya kumwamuru. Mkaguzi mwenyewe asifukuzwe. Haya ni maombi ya mama mkwe, si yangu.

Ni mimi, mkaza mwana wa mkunga.

Nyongeza: Betri zimekwisha. Kigari kiko katikati ya mlango wenu na hakuna anayeweza kupita. Mwenyewe amekaa juu yake. Soketi nimeiona hapo ukutani nyuma ya karani, na chaja nimekuja nayo kikapuni. Vijana wenu wasijisumbue. Habebwi.