Mayai ya Mama Subiri

Mtaani kwetu hakuna aliyenunua yai kwa Mama Subiri akawahi kazini. Ndiyo maana tulimpa jina hilo. Hakupanga trei mapema. Ukibisha hodi, aliingia bandani, akarudi na yai moja, akalifuta kwa kitambaa, akaliinua kwenye mwanga na kukutajia kuku aliye mama wa yai hilo.

"Hili la Kilemba. Huyu akitaga lazima atangaze, utadhani kazaa mapacha."

Kisha akarudi kuchukua la pili.

"Mama, mimi nataka mayai, sitaki ukoo wao!" fundi cherehani wa ng'ambo ya njia alikuwa akimtania.

"Subiri, mwanangu. Haraka haraka haina baraka."

Ujana wake wote alikuwa opereta wa simu, akiwaunganisha watu waongee. Alipostaafu, mumewe alikuwa keshafariki, na binti yake wa pekee ameolewa mbali. Simu za binti zilikuwa fupi: "Hujambo, mama? Salio linakata." Basi mayai ndiyo yaliyomletea watu, na kule kusubirisha ndiko kulikowabakiza. Kila mtu alilijua hilo. Tulicheka tu.

Asubuhi moja, akifagia ua, alisikia chafya bandani. Akatupa ufagio. Kilemba alikuwa amejikunyata pembeni, manyoya yamemsimama, uso umevimba upande mmoja hadi jicho limejifunga. Puani ute mzito. Mama Subiri alimnusa mdomoni, akageuza uso kwa harufu. Viotani mayai yalikuwa yamepungua.

Akampigia Bwana Mifugo, aliyefika kwa pikipiki na hakukanyaga bandani mpaka alipovisugua viatu vyake kwa dawa.

"Mafua ya kuku haya," alisema. "Huyu mtenge, na mwingine yeyote atakayeanza chafya. Vyombo vya maji visugue kila siku. Dawa hii changanya kwenye maji, wote wanywe, wasipate maji mengine."

"Watapona?"

"Umewahi, Mama. Ila mayai yasiliwe. Kuanzia leo mpaka dawa iishe, halafu mpaka zipite siku zilizoandikwa hapa kwenye pakiti."

"Hata ya wale wazima?"

"Si wanakunywa maji hayo hayo? Dawa inaingia kwenye yai."

Mama Subiri akalitazama geti. "Na watu wangu?"

Bwana Mifugo alidhani anaulizia biashara. "Wateja watarudi tu. Tibu kuku kwanza."

Kilemba akahamishiwa kwenye kreti jikoni. Alilia kutwa akiwaita wenzake, nao wakimjibu kutoka bandani. Mama Subiri alimkanda jicho kwa maji ya uvuguvugu. "Vumilia," alimwambia. "Tutazoea."

Fundi cherehani akabisha hodi.

"Leo hakuna, mwanangu. Kuku wako kwenye dawa."

"Hakuna vipi, wakati nayaona kule yanang'aa? Nipe tu, Mama. Yai langu mimi nalikaanga mpaka linakuwa soli ya kiatu. Dawa itabaki wapi?"

Ilikuwa rahisi kumpa. Nani angejua? Fundi angesubiri, angetania, angecheka. Mkono wa Mama Subiri ulikuwa tayari umeshika kitambaa.

"Siwezi. Nyumbani una watoto."

"Haya, ngoja nikajaribu dukani."

Wengine nao wakaenda dukani, na geti likanyamaza. Kila asubuhi Mama Subiri aliokota mayai na kuyapeleka kwenye shimo alilochimba nyuma ya banda. Kuyatupa kama takataka hakuweza. Alifuta moja moja, akaliinua kwenye mwanga. "Hili la Mpole. Hili la Bibi Harusi." Kisha akalivunja shimoni.

Hapa ndipo hasira inaponipanda. Mtu kalinda matumbo yetu kwa hasara yake, na mtaa mzima hakuna aliyeingiza hata pua kuuliza, "Wagonjwa wanaendeleaje?" Tulipita na trei za dukani mikononi, tukampungia kwa mbali. Tunajiita majirani! Jirani wa yai ni jirani gani huyo?

Uvimbe ukashuka. Jicho la Kilemba likafunguka, na chafya zilipokoma akarudishwa bandani, ambako wenzake walimdonoa kidogo kisha wakampa nafasi. Siku za kwenye pakiti zikapita. Mama Subiri akamwambia kila mpita njia kwamba mayai sasa ni salama.

Fundi cherehani ndiye aliyetangulia. Akakuta trei imeshapangwa na kufungwa kamba, inamngoja getini. Mama Subiri aliogopa. Duka halimsubirishi mtu.

"Makubwa! Leo hata ile 'subiri' hakuna?"

"Nisikucheleweshe, mwanangu."

"Afadhali, maana nina nguo za watu." Akalipa, akavuka njia.

Mfukoni mwa gauni la Mama Subiri lilibaki yai moja, la kwanza la Kilemba tangu apone: dogo, ganda lina mikwaruzo. Alikuwa ameliweka alionyeshe. Cherehani ikaanza kulia ng'ambo. Akaisikiliza kwa muda. Kisha akavua ndala za bandani, akavaa viatu, akavuka. Mtaani hapo hakuwahi kubisha mlango wa mtu. Siku zote yeye ndiye aliyebishiwa.

"Hodi," akasema, yai mkononi.

Cherehani ikaendelea.

"Hodi hapa!"

Cherehani ikanyamaza.